Miavuli ya Malkia Ukungu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kazi ni kazi. Tulirekodi sehemu mpya ya katuni ya Kapteni Sufuria, na mimi, kama kawaida, ni adui yake, Malkia Ukungu. Nasimama kwenye kile chumba kidogo chenye sponji ukutani, nakunja vidole kama makucha ingawa katuni haihitaji vidole vyangu, nacheka. Sauti ikapasuka katikati. Kama kitambaa kinachochanika. Mwongozaji akasema iache hivyo hivyo, dada, imekaa vizuri. Sikumwambia kwamba sikuipasua mimi. Imejipasua.

Nafika nyumbani, nafungua mlango – kicheko changu kinanipokea kutoka jikoni! Nikasimama na kiatu mkononi. Kwa sekunde nikadhani nimetangulia kufika. Kumbe ni binti yangu. Hatukumwita Kasuku bure.

Alhamisi, 6 Machi

Kasuku kanionyesha kitu kwenye simu. Kuna kundi la mashabiki mtandaoni – watu wazima, wenye kazi na watoto! – wanabishana kuhusu katuni yetu. Mmoja anauliza kama ile sufuria anayovaa haimchomi Kapteni kichwa akipita karibu na jua. Mwingine: kwa nini hakuna anayemtambua, wakati sufuria inafunika nywele tu na uso wote uko nje? Chai ikanipalia.

Halafu kuna mmoja anajiita Soksi Moja. Huyu hana mchezo. Anasema: Kapteni asipokuwa angani ana kibanda cha kutengeneza miavuli. Kibanda hakikosi miavuli mibovu. Lakini mji ule mvua hainyeshi! Tangu katuni ianze hatujaona hata tone. Sasa nani anapeleka miavuli? Jibu lake: Malkia Ukungu. Anaichana mwenyewe, anawatuma watu, ili yule kijana asikose kazi. Kwa sababu ni mwanawe. Na ushahidi, anasema, ni kicheko. Sikilizeni vizuri: kila Kapteni anapoanguka, kicheko cha Malkia kinapasuka.

Nikaona maandishi yanaelea. Koo langu! Kuna mtu mahali fulani amekaa, analisikiliza koo langu.

Jumamosi, 8 Machi

Kasuku kanifungulia akaunti kwa jina la bandia, Mpita Njia, nikamwandikia Soksi Moja. Kwa adabu kabisa. Kwamba pengine mwigizaji ana koo bovu tu, tusitafute makubwa. Jibu likaja hapo hapo: ndugu, wewe humjui Malkia Ukungu hata kidogo.

Mimi! Nisimjue! Nimekuwa naye tangu Kasuku anang'oka meno ya utoto.

Kasuku alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Mume wangu akatokea na bisibisi – alikuwa anatengeneza jokofu la jirani, kama kawaida katikati ya sebule yetu – akauliza kuna nini. Tukamweleza yote. Akafikiri. Akasema, kama ni mama yake, mbona kila wiki anamtupia jengo? Kasuku akamjibu papo hapo: Baba, na ameshawahi kumpata? Mwanamke ana nguvu za kung'oa mnara, halafu kila siku anakosa shabaha?

Mume wangu akakaa juu ya jokofu. Akasema, ehee.

Mchana nikasinzia hapo hapo kochini. Niliota natembea kwenye mji wa rangi za katuni, barabara laini kama mkate, nimebeba miavuli kwapani. Hakuna aliyenisalimia. Sikuumia. Nilikuwa na haraka tamu, kama mtu anayewahi kufika kabla kibanda hakijafunguliwa.

Jumanne, 11 Machi

Daktari kaingiza kamera nyembamba puani, ikashuka. Nikaiona sauti yangu kwenye skrini. Vitu viwili vyeupe vinafunguka na kujifunga, kama mapazia. Na kwenye pazia moja, kiuvimbe. Kidogo, kama punje ya mchele.

Si kibaya, mama, akasema. Lakini lazima kitoke. Baada ya hapo ni kimya, hata kunong'ona marufuku. Kisha sauti itarudi. Nikamuuliza, hii hii? Akasema hii, au inayofanana nayo, au nyingine. Alisema "nyingine" kama anaongelea shati.

Nimerudi kwa miguu. Nimesikiliza kila kitu. Geti linalolia. Mwanamke anayeita mtu aliye ghorofani. Kila mtu anatumia sauti yake ovyo tu, bila kufikiri!

Jumatano, 19 Machi

Kikao studio. Mwandishi wa katuni kaja na macho yanang'aa. Naye kasoma Soksi Moja. Akakiri mbele yetu kwamba hakuwahi kufikiria habari ya mvua. Aliweka miavuli kwa sababu ni rahisi kuchora! Sasa kaamua: sehemu ya mwisho, Malkia Ukungu ni mama. Imeshaandikwa.

Ikabidi niseme habari ya koo. Tarehe za kurekodi zinaangukia humo humo kwenye kimya changu. Wote wakainamisha vichwa. Halafu mwongozaji akasema taratibu: dada, juzi nilikupigia nikakueleza mabadiliko ya ratiba, ukasema sawa, asante, nitafika mapema.

Hakunipigia mimi. Yaani, mimi sikupokea, alipokea Kasuku.

Tukatazamana. Akauliza, binti yako anaweza?

Nikasema nitafikiri. Sikufurahi. Wenzangu walitabasamu wote, nami nikatabasamu. Ile sauti ndiyo kitu pekee nilichodhani hakiwezi kuazimwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Kasuku. Nilidhani ataruka. Hakuruka. Akazima jiko, akauliza: na wewe je? Nikasema ni sehemu moja tu. Akasema: na kama wakiipenda sauti yangu?

Nikamwambia simama wima, tuanze.

Nikamfundisha pale pale jikoni. Kicheko kinaanzia tumboni, si kooni. Vidole vikunjwe. Akacheka – sauti ni yangu tupu, kama ilivyokuwa zamani kabla ya punje. Nzuri! Nikageukia sinki nikaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Halafu akajaribu kuipasua kwa makusudi. Nikamkataza. Nikasema usiigize maumivu yangu, tafuta ya Malkia.

Jumanne, 25 Machi

Punje imetoka. Usingizi. Siongei.

Mume wangu ananisemesha polepole, kwa sauti ya juu, kama mimi ni kiziwi. U-NA-TA-KA MA-JI?

Jumapili, 30 Machi

Kimya kina vyumba. Sikujua. Asubuhi naingia kimoja, mchana niko kingine. Nalala, naamka, pazia linajaa upepo, linatulia. Kwenye usingizi naongea sana, na huko sauti haina umri.

Ubao mdogo wa kuandikia uko kando ya kitanda, siutumii. Kila mtu akikaa karibu nami anaongea zaidi, kama kujaza nafasi yangu. Kasuku kakaa miguuni pangu, na baba yake alipoingia na viatu, akamfokea kwa sauti yangu. Akavua mara moja – huku ananitazama mimi! Nikatikisika kwa kicheko kisichotoka.

Halafu Kasuku akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ambayo haitumii sana: Mama, naogopa. Nikamshika mguu. Ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika nikiwa studio, kwenye kiti kando ya fundi sauti. Jana daktari kaniruhusu neno moja moja, kwa upole. Sijatumia hata moja. Nafungua kinywa, nafunga. Naogopa nani atatoka.

Kasuku yuko nyuma ya kioo. Kicheko amekimaliza vizuri mno, mwongozaji alipiga paja. Sasa ndipo penyewe: ukungu umeondoka, Kapteni yuko chini, sufuria imebiringika. Malkia anamsogelea na kusema, "Mimi ndiye mama yako."

Kasuku kaisema. Kisha akasema hapana.

Hapana nini, akauliza mwongozaji.

Malkia hawezi kusema hivi, Kasuku akajibu. Angetaka kulisema hilo, angelisema zamani. Amechana miavuli yote ile ili asilazimike kulisema.

Mwandishi kashika kichwa. Mwongozaji akauliza, basi anasema nini? Na Kasuku hakumtazama yeye. Kanitazama mimi. Mama, wewe ungesemaje?

Wote wamegeuka. Wamenisogezea ubao, nimeurudisha. Nimeomba kwa mkono wanipe dakika, na ninaandika hapa ili nipumue.

Ninajua angesemaje. Mtoto yuko chini, amechoka, miaka yote hii. Angemuuliza: umekula? Basi. Ni neno moja, na moja ninaruhusiwa.

Fundi sauti kabonyeza kitufe ili Kasuku anisikie kule ndani. Kanisogezea maiki. Mwanangu kabana spika za masikioni kwa mikono miwili, macho kayafumba. Naweka kalamu –