Jina Wanalolitaka Wafadhili

Alhamisi, 3 Julai 2025

Inosenti, dereva wetu, ameondoka. Kakabidhi ufunguo wa gari, kakabidhi na koti la mvua, kanipa mkono kama tunaachana msibani. Lodge moja njia ya Ngorongoro imemchukua, ataendesha watalii. Simlaumu, ana watoto. Lakini si angeniambia mapema! Nimejua leo asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Kwa hiyo shirika zima sasa ni mimi. Mkunga mimi, mratibu mimi, mfagiaji mimi. Viti vya wenzangu nimevisukuma ukutani ili nisivione, na bado naviona.

Mfadhili wetu anaacha mwisho wa mwezi huu. Ametuandikia vizuri, ametushukuru sana – ndiyo maana najua harudi. Nisipopata mwingine, kliniki ya mkoba basi. Gari halitapanda tena Ngorongoro wala kushuka Wasso na Oloipiri kupima wajawazito na kuchanja watoto. Na mwenye uchungu mkali atafika hospitali kwa alichonacho: pikipiki, au miguu.

Baridi ya Karatu mwezi huu haina adabu. Ukungu mpaka saa nne. Nimesonga ugali mwingi kwa mazoea, umebaki.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Mji mzima umepumzika, mimi niko ofisini na andiko la mradi. Andiko la ngapi hili, sijui, sitaki kujua.

Wafadhili hawa! Wanauliza mradi wangu "utabadilisha mifumo gani". Mimi nina mizani, nina dawa za kuongeza damu, nina gari linalohitaji kusukumwa likipoa. Mifumo! Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena kwa maneno makubwa mpaka mwenyewe sikujielewa. Nilipobonyeza kutuma, bando likaisha. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kisha nikatulia kwa sababu kicheko kilirudi kutoka kwenye kuta.

Dada Sabina kapiga kutoka Kansay. Mahindi yamekauka, watu wa kuvuna hakuna. Eti shirika limeshakufa, mimi nailinda maiti ya nini. Nikamjibu vibaya. Kakata simu. Nikakaa nikisubiri apige tena ili nimwambie kwamba sikukusudia.

Hakupiga. Na mimi sikupiga, maana kichwa changu ni kigumu kama cha baba.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Wamejibu! WAMEJIBU!

Shirika moja la ng'ambo. Andiko limewagusa, hasa pale nilipoandika habari za mama mmoja wa Oloipiri aliyefariki mvua za Aprili. Mwakilishi wao, Bi. Ingrid, yuko nchini, na Jumatano atapita kuwasikia wanawake wenyewe.

Nilitoka mlangoni nimwambie mtu. Fundi cherehani wa jirani amefunga. Nikampigia Inosenti – yuko kreta na wageni, hapatikani. Nikarudi ndani. Furaha nayo inataka mtu wa pili, jamani. Ukiwa nayo peke yako inakuwa kama ugonjwa.

Jumatano, 16 Julai 2025. Wasso, gesti

Niandike yote kama yalivyokuwa. Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Wanawake wa Oloipiri walifika mapema, shanga zote shingoni. Wakaketi kwenye kivuli cha mti. Msemaji wao Nareyu, mke mkubwa wa mzee Parmuat. Huyu ndiye aliyenipokea siku ya kwanza kabisa, nikiwa Mwiraki, Mmbulu wa Karatu, sijui hata kusema takwenya, salamu yao. Na yule mama wa Aprili alikuwa mke mwenzie, mdogo, binti hasa. Gari letu lilikuwa gereji Karatu siku ile. Wakampakia kwenye pikipiki, Nareyu nyuma amemshika, damu inatoka, barabara tope tupu. Hospitali hakufika. Kwa hiyo hata kwenye takwimu za hospitali hayumo.

Lembris, mhudumu wa afya wa kijiji, alitafsiri Kimaasai kuja Kiswahili. Mimi Kiswahili kwenda Kiingereza.

Bi. Ingrid ni mtu mwema, sitamsema vibaya. Lakini hakupoteza muda. Mna shida gani?

Nareyu akasimama. Akasema kuna amani. Ng'ombe wazima. Watoto wazima. Majani yapo. Hakuna shida.

Ndivyo habari zinavyotolewa huku! Mgeni hapokelewi kwa kilio. Kwanza unampa uzima wote, mmoja mmoja, anaupokea. Kisha chai. Kisha, kama bado amekaa, ndipo "lakini" inapokuja – na baada ya "lakini" ndiko shida zote ziliko. Naijua hiyo "lakini". Nimewahi kuisubiri kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Nilimweleza Bi. Ingrid, tuvumilie, tusubiri chai. Akatabasamu, akaandika kitu, akauliza la pili: kuna mama yeyote aliyekufa kwa uzazi mwaka huu?

Lembris aliniangalia. Hakutaka kulitamka. Akalitamka akiwa anatazama chini.

Mtoto mmoja alikohoa.

Nareyu akasema, "Hapana. Sisi wote tupo."

Maana aliyekufa hasemwi. Kijana hasa, tena aliyekwenda na mtoto tumboni. Jina linakwenda naye. Kulitaja mbele ya watu wake ni kuwakanyaga. Mimi hayo nayajua! Miaka yote hii nimekaa nao nikiyajua, na bado nikamleta mgeni kuuliza swali lile lile ambalo hakuna mtu angelijibu. Nilifikiria nauli, nilifikiria mbuzi, nilifikiria Bi. Ingrid atakaa kiti gani. Swali sikulifikiria.

Bi. Ingrid akanigeukia mimi. Hakuna kabisa? Ningeweza kuongeza neno moja tu: lakini mimi namjua. Nareyu alikuwa ananitazama usoni. Nikasema, wanasema hakuna.

Bi. Ingrid akaangalia saa, ndege ndogo ilikuwa inamsubiri. Chai bado iko motoni, mbuzi ameshachinjwa, akapunga mkono akaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone! Tuliila ile nyama bila maneno. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Kwenye basi siku nzima, gari halina dereva. Vumbi. Aliyekaa pembeni yangu alilala begani mwangu kuanzia nyanda za chini mpaka geti la Ngorongoro, mama mmoja simjui. Sikumwamsha. Ulikuwa uzito mzuri.

Jumanne, 22 Julai 2025

Jibu limekuja. Ziara imeonyesha kwamba jamii haina uhitaji wa dharura. Bi. Ingrid mwenyewe anajaribu kutusaidia: kama kweli kuna mama aliyefariki, nitume jina lake, kijiji chake, na maneno ya ndugu mmoja. Mwisho Ijumaa jioni. Bila jina, wakubwa wake wataona nimetunga.

Nimetunga!

Jina ninalijua. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye kadi yake ya kliniki, na alikuwa akichungulia aone kama nimelipatia. Kulituma ni kazi ya kupepesa macho. Nani wa Oloipiri atajua kilichoandikwa kwenye kompyuta ya mtu Ulaya? Hata hapa, ambapo hakuna asomaye ila mimi, nimeanza herufi ya kwanza mkono ukakataa.

Nikampigia Sabina. Kapokea! Hatukuzungumzia ugomvi, tulizungumzia mahindi. Mwisho nikamweleza. Akasema andika tu, mdogo wangu, wafu hawasomi barua pepe. Nikasema wafu hawasomi, lakini mimi nitamwangaliaje Nareyu. Akauliza kama nimekula.

Sijala. Nikasema nimekula.

Alhamisi, 24 Julai 2025. Wasso

Nimekuja kuomba. Sitaiba jina la watu. Nitamwomba Nareyu, akikataa amekataa.

Niliyasema vizuri hivyo kwenye basi. Hapa gesti, na ukuta huu wa kijani, naona nimekuja kumwomba mtu anifukulie kaburi.

Ijumaa, 25 Julai 2025. Oloipiri

Ninaandika nikiwa juu ya kilima nyuma ya boma, mahali pekee penye mtandao. Jua limeanza kushuka. Ni leo hii hii.

Nilifika asubuhi kwa pikipiki. Parmuat yuko machungani na ng'ombe. Nareyu alikuwa ndani, amekaa karibu na moto, amejifunika shuka mbili. "Takwenya!" nikamsalimu. Akaitikia, "Iko." Akaanza habari. Amani ipo. Ng'ombe wazima. Nikampa zangu: Karatu ni salama, dada mzima, kazi nzuri. Kazi nzuri! Kinywa changu hiki.

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikanywa ya pili. Nikajilazimisha kukaa, na ile saa ya simu inanichoma mapajani.

Mwisho akasema, kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Lakini wewe iko na kitu."

Nikamwambia yote. Yule mgeni, wakubwa wake, gari, jina. Nilisema nikiangalia moto. Nilisema hata kwamba ninaona haya kuomba. Nikamwambia ukikataa, mimi na wewe ni wale wale.

Akageuza kuni. Akafuta uso kwa shuka, mara moja, kama mtu anayefuta moshi.

"Ile hapana," akasema. "Ile imelala. Hata watoto yangu nawazuia kuita."

Nikasema sawa. Nilimaanisha sawa. Nikaanza kuinuka, magoti yanauma, ninawaza basi la kesho na namna ya kuuza gari. Akanishika mkono. Akafungua shuka.

Mungu wangu. Mimi mkunga! Nilimtazama wiki iliyopita akiwa amesimama mbele ya watu wote, sikuona. Tumbo limeshashuka. Bado mwezi, labda pungufu. Nikamuuliza mbona hukuja nikupime. Akasema nije wapi, gari yako yenyewe inakwisha.

"Hawa watu nataka jina ya mama," akasema. "Andika yangu."

Nikamwambia, Nareyu, wanataka ya aliyekufa.

"Mwezi ujao gari hakuna. Waambie wangoje kidogo."

Akacheka! Alicheka kweli, mpaka akashika kiuno. Mimi nililia. Sijalia mbele ya mtu tangu mama azikwe, na leo nimelia nikiwa nimelalia mapaja ya mama mjamzito anayepaswa kuliwazwa na mimi. Alinipigapiga mgongoni kama unavyomcheulisha mtoto. Akasema andika, wewe usiogope. Ile jina hakuna mtu anaita. Yangu watu bado wanaita.

Nimempima kwa mikono na kwa sikio. Kichwa cha mtoto kiko chini, mapigo yanasikika vizuri. Nimemwambia kesho aende nami Wasso, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Anasema mpaka Parmuat arudi aseme. Parmuat anarudi lini? Hajui.

Sasa niko hapa juu. Mtandao umeshika. Fomu iko wazi: "Jina la marehemu". Chini yake nafasi nyeupe. Nimeandika Nareyu. Nimelitazama. Nimelifuta. Nimelihamishia kule kwenye sehemu ya ndugu. Nimeandika kwamba yuko hai, ana mimba, na kwamba aliyekufa alikuwa mke mwenzie na jina lake halisemwi, na kama hilo halitoshi basi waje wakae mpaka chai iive. Nimefuta hiyo ya chai. Nafasi ile ya kwanza bado nyeupe, na fomu inakataa kwenda bila kujazwa. Inawaka nyekundu. Kila nikibonyeza inawaka nyekundu.

Ng'ombe wanasikika kwa mbali, labda ni wa Parmuat, labda si wake. Nareyu ametoka nje ya boma, ameshika kiuno, ananiita nishuke, giza linaingia. Anaita Selina! Selina! Nimenyanyua mkono aone nimesikia, na kidole cha mkono mwingine kiko juu ya ile nafasi, na yeye hanyamazi, anaita tena na tena, na ile nafasi bado nyeupe.