Dada Mkubwa wa Miaka Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, uniwie radhi. Nimekutupa tangu mwaka jana bila sababu ya maana. Mwalimu mstaafu hana hata kisingizio cha kazi. Leo ninayo sababu. Dada yangu ameamka!

Alilazwa katika sanduku la baridi akiwa na miaka kumi na sita, kwa ugonjwa wa damu uliokosa dawa. Mimi nilikuwa na tisa. Sasa dawa imepatikana, ameshatibiwa. Mimi nina sabini na moja. Yeye — kumi na sita ile ile.

Fundi wa sanduku, kijana mwenye nywele zilizokatwa kama ua wa michongoma, alibonyeza kitufe kimoja, kisha akasimama akingoja kupigiwa makofi. Eti amemwokoa!

Dada alifumbua macho. “Shikamoo, bibi.”

Nikamwambia mimi ni Katoto, mdogo wake. Akanikagua kuanzia kichwani hadi viatuni.

“Katoto? Mbona hujaniamkia?”

Nikamwamkia. Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Jumatano, 5 Machi

Amehamia kwangu. Amechukua kitanda cha dirishani kwa kuwa cha dirishani kilikuwa chake siku zote. Akaagiza maji. Mimi, niliyenyamazisha bwalo zima la wanafunzi kwa kukohoa tu, nikaenda kuyaleta. Akasema hayakupoa.

Jioni aliwatania mabinti wa jirani kwa misemo ya ujana wetu. Wakaniuliza pembeni kama bado anaumwa. Wajinga.

Kisha akauliza mama atarudi saa ngapi. Jana nilikuwa nimeshamweleza kuwa mama alishafariki.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amekuja na manukato ya kutosha msiba mzima. Anataka kuzungumza na mkubwa wa nyumba kuhusu ndoa. Nikamwelekeza kwa dada: mkubwa ni yule.

“Kaka,” dada akamwambia, “wewe umebonyeza kitufe. Hata lifti ina kitufe.”

Sikuwa nimecheka hivyo kwa miaka. Fundi aliondoka bila kumaliza chai. Afadhali, ilikuwa chai yangu.

Jumapili, 9 Machi

Dada hataki kula. Tulimtembelea rafiki yake wa darasani. Bibi yule alimpa pipi, akamsifu kwa kukua.

Jumatatu, 10 Machi

Anataka kurudi kwenye sanduku. Sheria inadai saini ya mlezi. Mlezi ni mimi — hata hilo halikumchekesha.

Nikamwambia atakapoamka mimi sitakuwepo. Akasema basi twende wote, sanduku la watu wawili lipo. Huko mbele watakuwa na dawa ya uzee. Tukamwendea fundi; naye, kwa furaha asiyoificha vizuri, akanieleza kuwa wa umri wangu wengi hawaamki. Anataka jibu kesho asubuhi.

“Nisipotia saini?” nilimuuliza dada njiani kurudi nyumbani.

“Utabaki na mtu anayemngoja mama.”

Mtoto yule! Maisha yangu yote nimewaamrisha watu. Wa kuniamrisha mimi walikwisha, kasoro huyu.

Sasa hivi yuko chumbani. Amekunja nguo zake na zangu, amezipanga katika begi moja. Hakuniuliza. Lini aliwahi kuniuliza?

Nikishaamua, daftari, utakuwa wa kwanza kujua. Ananiita. Ni mara ya pili, na hapendi kuita mara mbili —

Abee, dada!