Kioo Alichokata Babu

Tarehe 3 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na bibi hamjambo, na kwamba ile dawa ya macho haimwashi tena. Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa wino.

Hii ni wiki yangu ya tatu kazini. Ni karakana ya kunyoosha magari yaliyogongana. Sinyooshi chochote, natembea na ubao na kalamu, naandika kilichovunjika ili watu wa bima wajue. Bosi wangu wanamwita Nyundo. Siku ya kwanza niliona haya kumuuliza choo kiko wapi, nikavumilia mpaka saa kumi. Usimwambie bibi, atacheka mpaka akohoe.

Shangazi amenipa chumba cha nyuma. Ni kizuri, ila kioo cha dirisha kilivunjika kabla sijaja na pamezibwa kwa ubao, kwa hiyo hata mchana nawasha taa.

Shangazi ameniambia kuhusu lile gari lako, Chuma. Ni kweli mwezi wa nne unaniletea funguo? Wenzangu waliomaliza shule walipewa saa za mkononi. Mimi napewa gari lililomzidi umri hata mama. Sijui niseme nini, ndiyo maana nimeandika. Nisalimie bibi sana.

Mjukuu wako,
Kimya


Tarehe 11 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako anaona vizuri kiasi cha kuona ninapoongeza sukari kwenye chai, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la vioo, yule mwenye domo. Majibu mpe yeye huyohuyo. Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu wewe ni "ndiyo babu, sawa babu," basi, nabaki nasikiliza pumzi zako.

Ni kweli, Chuma ni lako. Nilisema hivyo siku uliyozaliwa, bibi yako akadhani natania.

Nikwambie kitu. Juzi nikirudi nyuma niligusa nguzo ya geti. Nguzo imeinama. Chuma halina hata mchubuko. Jirani na lile gari lake jipya kaguswa na baiskeli tu, bampa likapasuka kama ganda la yai. Magari ya siku hizi ni makopo. Ninalala nikijua mjukuu wangu atakaa ndani ya chuma cha kweli.

Na kioo cha mbele bado kinang'aa. Unakumbuka tulivyokikata? Mafundi wote walisema kioo cha gari lile hakipatikani tena. Nikachukua kioo cha dirisha, milimita sita, nikakikata mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi. Ulinishikia karatasi ya kipimo, ukaandika JUU na CHINI kwa kalamu nyekundu ili nisikosee. Kila Alhamisi nikimpeleka bibi yako kliniki anakaa mbele, anajitazama humo akifunga kilemba chake.

Kula vizuri. Na uulize choo kiko wapi.

Babu yako


Tarehe 2 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote wawili. Mimi sijambo mwilini. Barua hii nimeianza mara tatu.

Jumatatu yaliletwa magari mawili yaliyogongana uso kwa uso. Moja dogo, jipya. La pili la zamani, linafanana na Chuma mpaka vitasa vya milango. Lile jipya lilikuwa limekunjwa pua yote hadi magurudumu ya mbele. La zamani, bampa limepinda na taa moja imevunjika. Nikaandika kwenye ubao: la kwanza, limeharibika kabisa, la pili, uharibifu mdogo. Nilijisikia vizuri, babu. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Nyundo akasoma, akaniuliza, "Umefungua mlango?"

Nikasema hapana.

"Fungua, ukae, kisha uandike tena."

Sikuweza kukaa. Usukani ulikuwa umesukumwa nyuma mpaka karibu na mgongo wa kiti. Nyundo akanionyesha: nguzo ya usukani ni chuma kimoja kilichonyooka, kutoka mbele mpaka kifuani kwa dereva. Mikanda hakuna. Akanipeleka kwenye lile jipya. Kiti kiko palepale, sakafu imenyooka, hata daftari za watoto zilikuwa bado kwenye mfuko wa mlango. Akasema, "Hili limejikunja ili mtu asikunjike. Lile limekataa kujikunja, kwa hiyo kishindo chote kimeingia ndani."

Kesho yake mwenye lile jipya alikuja kwa miguu yake kuchukua zile daftari. Wa lile la zamani bado yuko wodini, na mwanawe ndiye aliyekuja.

Halafu kuna kioo. Kioo cha gari jipya kilikuwa na nyufa kila mahali, lakini kilibaki kizima kama kitambaa. Kumbe ni vioo viwili vyembamba na utando katikati unaovishika. Nikamuuliza Nyundo, kioo cha dirisha kikiwekwa kwenye gari, likigonga inakuwaje? Aliniangalia kwanza. Akasema, "Visu."

Babu, mimi ndiye niliyeshika ile karatasi. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Nakuomba bibi asikae tena nyuma ya kile kioo, hata Alhamisi moja. Na mimi funguo sitaweza kuzipokea. Nalipenda Chuma. Nimelia kidogo, lakini sibadilishi.

Mjukuu wako,
Kimya


Tarehe 30 Machi

Babu,

Shikamoo. Hamjambo? Macho ya bibi je?

Sijapata jibu. Dereva wa lori anasema ulisoma barua yangu umesimama, ukaitia mfukoni, ukamwambia aangalie tairi zake. Alhamisi nne zimepita. Kila Alhamisi asubuhi nakosea namba za magari kwenye ubao, mpaka Nyundo aliuliza kama ninaumwa.

Samahani kama nimekuumiza. Kwa nilichokiandika siombi samahani. Shangazi anasema nimekuwa jeuri tangu nianze kazi. Labda. Naomba neno moja tu, kwamba bibi mzima.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Aprili

Kimya,

Marahaba. Bibi yako mzima, na ananisimamia hapa nyuma kuhakikisha naandika.

Nilikasirika, sitakuficha. Miaka arobaini na moja nakata vioo, halafu mtoto aliyekuwa akinishikia karatasi ananifundisha kioo. Alhamisi ya kwanza nikaliwasha Chuma kama kawaida. Bibi yako akafungua mlango wa nyuma, akaketi kama waziri. Nikamwambia, "Vipi, mimi dereva wako?" Akasema, "Nimesoma barua." Nikamuuliza barua gani. "Ile ya mfukoni mwa shati. Nani anafua mashati humu ndani?"

Njiani nilimtazama kwenye kioo kidogo cha juu. Alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili. Nikajiuliza, hata huko nyuma, tukigonga, hicho alichoshika kitamsaidia nini? Wiki iliyofuata akasema atapanda gari la jirani. Lile kopo. Akarudi akinisimulia mkanda ulivyo laini.

Basi nikaingia stoo. Kipande kilichobaki tulipokata kile kioo bado nilikuwa nacho. Nikakisimamisha kwenye fremu, nikajaza gunia mchanga nusu, nikalining'iniza kwa kamba, nikalirusha. Kipande kimoja kiliingia kwenye gunia kikasimama, urefu wa mkono wangu. Nikakaa chini. Mimi huyohuyo, mlangoni mwa shule sijawahi kuweka kioo cha namna ile, kwa sababu najua watoto wanakimbia. Kwenye gari sikuwaza. Nilimwekea kioo mtu anayetazama nje. Mtu anayerushwa sikumfikiria.

Lile la kujikunja ndilo lililonichelewesha zaidi. Likanijia nikiwa namwekea mteja dirisha. Nilikufundisha nini? Kioo ukikibana kwenye fremu, mbao zikitanuka kidogo tu kinapasuka. Lazima ukiachie nafasi ya kupumua. Kumbe na hao wanaotengeneza makopo wamewaachia watu nafasi ya kupumua, na mimi nikawaita wajinga.

Mikanda ningeweza kufunga, kioo ningetafuta. Ile nguzo ya usukani siiwezi. Kwa hiyo Chuma limekaa bandani. Kioo cha mbele nimekitoa mwenyewe, salama, na kuku wa jirani ameshataga kwenye kiti cha dereva. Zawadi yako sasa ina mayai.

Mwezi huu tunakuja, lakini siji mikono mitupu. Kile kioo hakina kosa, ni mimi niliyekipa kazi isiyo yake. Nitumie vipimo vya dirisha lako. Naambatanisha ile karatasi. Tazama mwandiko wako ulivyokuwa mbaya.

Na huyo aliyekupa jina la Kimya alikuwa nani? Bibi yako anasema ni mimi. Nakataa.

Babu yako


Tarehe 14 Aprili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na bibi shikamoo, maana najua atasoma nyuma ya bega lako au mfukoni mwa shati.

Mimi mzima kabisa. Nimegeuza ile karatasi, upande wa pili nimechora dirisha na kuandika tena JUU na CHINI, kwa mwandiko mzuri zaidi. Upana juu ni sentimita hamsini na nane na milimita nne. Chini ni hamsini na nane na milimita moja. Fremu imekaa upande. Urefu sentimita arobaini na sita, kushoto na kulia sawa. Chukua upana wa chini, kisha upana na urefu uvipunguze milimita tatu tatu, ili kipumue.

Nimemwomba Nyundo ruhusa siku mtakayokuja. Nilimwendea mwenyewe, sikumtuma mtu. Akauliza, "Ni yule babu wa kioo?" Nikasema ndiye. Akasema anataka kukusalimia.

Njooni na basi lenye mikanda. Bibi akae upande wa dirishani, anapenda kutazama nje.

Ubao wa dirishani nimeshautoa. Upepo unaingia na karatasi zinaruka, nimeziwekea kiatu juu. Lakini barua hii naiandika bila taa.

Mjukuu wako