Korongo Aliyebaki Goweko

Mjukuu wangu Shija,

Marahaba! Najua hujaniamkia, ila nimeitikia kabisa. Umenizidi miaka na madarasa, lakini mimi ni mdogo wake babu yako, kwa hiyo babu ni mimi. Huku Goweko mvua zimekolea, tumbaku imestawi, wote wazima. Bibi yako sijampata bado, wasichana wanaringa.

Unasema wenzako wamerudi makwao, baridi imezidi, na ukitembea ufukweni ni wewe na shakwe tu. Unauliza kama uache masomo urudi. Wazee wetu walikwenda pwani kwa miguu na mizigo begani, wewe uliyepanda ndege unalia?

Sikiliza. Nilipokuwa kijana, yaani mwaka jana, mvua zilipoisha korongo waliondoka, akabaki mmoja mwenye bawa bovu. Kipupwe kizima nikipita kando ya bwawa namkuta amejikunyata katikati ya yangeyange, wale ndege weupe. Nikakitangazia kijiji kizima kwamba atakufa, na unajua mimi huwa sikosei.

Mama akaniambia, "We mtoto, msiba unauharakisha wa nini?"

Mvua za kwanza zikaja na korongo wakarudi. Wakawa wanazunguka juu, hawajui watue wapi. Yule wetu, bawa limeshapona, akaruka kuwapokea! Wakamfuata mpaka shambani kwetu, penye panzi tele.

Sasa mwakani wakija wageni wengine hapo chuoni, nani atawapokea?

Vaa koti. Ukimaliza, njoo unisaidie kumposa bibi yako.

Babu yako, ndevu zinakuja,
Maganga