Chokaa kwenye Ukuta wa Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi

Kitindamimba wangu amepiga simu. Kampuni ya filamu iliyomwajiri inatafuta mji wa kupigia picha: wa zamani, wenye mto na kiwanda. Amewapelekea picha za mji wetu. Mwongozaji atakuja Jumatatu ijayo, kesho yake atauona mji mwingine wa chini ya mto, kisha atachagua. Ni mara ya kwanza mwanangu kuachiwa atafute mahali peke yake. Akikosea, watamrudisha kubeba nyaya.

Amesema "lokesheni" mara nne katika dakika moja. Nimemwambia "mahali" halijafa. Akacheka. Akasema: Mama, usihangaike, uache mji ulivyo.

Anaogopa nisije nikachoka. Lakini mgeni hakaribishwi nyumba isiyofagiwa.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha mtaa, sebuleni kwangu. Watu tisa, mimi mwenyekiti. Hoja moja: ukuta wa kiwanda unaotazama barabara. Mweusi ti. Kiwanda kimefungwa miaka ishirini na miwili, masizi hayajastaafu. Nimependekeza chokaa. Wote wameafiki, isipokuwa Fundi Boila, aliyechochea moto wa kiwanda kile ujana wake wote. Amesema weusi ule ni kazi ya mikono yake, na haoni kwa nini ufichwe. Wamemcheka. Nimemwomba aandike pingamizi lake. Hakuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mapipa sita ya chokaa. Ngazi mbili, moja ya kuazima. Tumepaka kutoka getini hadi penye daraja la chuma. Mimi nimesimama chini nikionyesha palipobaki. Kijana mpaka rangi akasema kutoka ngazini: Mwalimu, nipe na yunifomu basi, nirudi darasa la pili. Nikamwonyesha palipobaki.

Saa kumi ukuta mweupe pe. Nimeridhika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mwanangu kumpa habari njema. Akauliza polepole: Mama, ukuta wote?

Wote, nikasema. Tena tumeupaka mara mbili.

Akanieleza kwamba katika picha zote alizopeleka, mwongozaji alisimamisha kidole kwenye moja: ukuta mweusi, na mto chini yake. Hadithi ya filamu ni ya siku za moshi. Mji ule mwingine bado una masizi yake.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nimewafundisha watoto miaka thelathini na mmoja kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye hakusikia, na guu ni la mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Ndoo, brashi, maji. Tangu asubuhi. Chokaa haitoki. Imeshika kwa sababu niliagiza itiwe chumvi ili ishike.

Fundi Boila amepita na mkongojo wake. Mwalimu, akasema, pingamizi langu nimekuja nalo, ila ni la mdomo.

Nikachovya brashi tena.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amewasili kwa basi. Ameutazama ukuta. Amekunywa chai. Amesema kesho atamwambia mwongozaji kwamba kosa ni lake, hakutuonya. Nimemkatalia. Alinionya vizuri kabisa. Nitasema mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Mwongozaji ni mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira. Amekuja na fundi wa mandhari, bwana mkimya mwenye madoa ya rangi hadi masikioni. Sikungoja salamu ziishe. Nimemwambia: Ukuta huu ulikuwa mweusi hadi Jumatano. Nimeupakisha chokaa mimi. Binti yangu aliniambia niuache, nikamdharau.

Mwanangu akatazama chini. Mwongozaji akatazama ukuta, kisha mto, kisha ukuta. Mwishowe akamuuliza fundi wake: Inawezekana?

Fundi akasema masizi si tatizo. Unga wa makaa, gundi na maji. Hata ukuta ungekuwa mweusi, angeongeza. Tatizo ni kwamba picha ilipigwa kwa mbali, na hajui yalikaa wapi. Kule mji wa pili atafuata yaliyopo. Hapa atabahatisha, na masizi ya kubahatisha hujulikana.

Nikahisi kama mtu ameniondolea gunia begani. Yalikaa wapi! Shule yangu ilikuwa ndani ya geti lile. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, nilifuta masizi kwenye madirisha ya ukuta huu.

Nikamwambia: Chini ya kila dirisha, unene wa kidole. Juu ya geti yalichirizika na mvua, yakawa ndevu. Karibu na daraja, hakuna; upepo wa mtoni uliyafukuza. Fundi akatoa daftari. Taratibu, mama, akasema, nami naandika. Mwongozaji akamuuliza mwanangu: Huyu ulikuwa umemficha wapi?

Hajaahidi kitu. Kesho wanakwenda kuuona mji ule.

Jumanne, 11 Machi, asubuhi

Naandika barabarani, kwenye kiti cha jikoni. Fundi wa mandhari ameomba ajaribu dirisha moja tu kabla ya safari. Amelipaka masizi juu yake. Nimemwambia afute, juu hayakukaa. Fundi Boila naye amefika, anasema yalikaa, mwaka ule wa makaa mabovu. Nimemwambia makaa mabovu yalitoa moshi wa manjano. Amesema: Mwalimu, wewe ulikuwa unaufuta, mimi nilikuwa naupika. Fundi wa mandhari ameshika brashi, anatutazama kwa zamu. Mwanangu anacheka, mgongo wake mweupe kwa chokaa, hajui.

Dereva amepiga honi mara ya pili. Mwongozaji hakugeuka. Amemwashiria kwa mkono azime injini, akauliza: Na lile dirisha la tatu?