Bomba Lililofungwa Jumapili

Mjukuu wangu Tusekile,

Huku Igamba hatujambo, kahawa imechanua, na baba yako mdogo bado yuko Tunduma na malori yake. Umeniuliza kama mbunge wenu mcha Mungu aiweke dini yake pembeni anapotunga sheria.

Nilipokuwa msichana, diwani wetu alikuwa mzee wa kanisa. Alihangaika mpaka tukapata bomba la maji, maana aliamini Mungu atamuuliza habari za wenye kiu. Kisha akakishawishi kijiji kipitishe sheria kwamba Jumapili bomba lifungwe, watu waende ibadani. Ufunguo alikaa nao yeye.

Jumapili moja dada yangu alijifungua zahanati, damu ikawa haikomi, na nesi hana hata maji ya kunawa mikono. "Kimbia kwa diwani!" akaniambia.

Niliingia kanisani katikati ya mahubiri, kanga yangu ina damu. Mtu akanishika mkono anitoe. Nikapaza sauti, "Baba diwani, naomba ufunguo, dada anakufa!"

Diwani alitazama madhabahu, nikajua atanikatalia. Ghafla akainuka, akatoka mbio, na ndoo ya kwanza akaibeba mwenyewe.

Dada alipona. Kwenye mkutano wa kijiji diwani akaomba sheria ile ifutwe. Wenzake wa kanisani wakamzomea, wakasema amemwacha Mungu.

"Sijamwacha," alijibu. "Kuleta maji alinituma yeye. Kuyafunga nilijituma mwenyewe."

Mbunge wenu simfahamu, mjukuu wangu, sijui kwa kila sheria yeye katumwa na nani. Nakuombea masomo mema.

Bibi yako anayekukumbuka