Neno Uliloandika Kwenye Ukuta wa Mashine

Kaka Paskali,

Barua hii naiacha wazi, waisome wote, kwa sababu na wewe uliandika mahali ambapo wote wanasoma.

Unakumbuka kule kijijini Daa, ulivyokuwa unanifundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama? Ukuta ulikuwa umesilibwa kwa udongo juzi tu. Mama alipotukuta alikuambia, "Kesho unasiliba upya, na hakuna wa kukusaidia." Ukasiliba. Baadaye ulipoanza kuandika mabango hapa Karatu mjini, mimi ndiye niliyekushikia ngazi. K yako ilikuwa na mkia mrefu kuliko ya fundi yeyote. Nilikuwa najivunia mkia ule.

Jumatatu ile nilienda na debe langu la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Wanawake walikuwa kwenye foleni. Ukutani, kwa rangi nyekundu ya kupuliza, kulikuwa na jina la Veronika, binti aliyekataa posa yako, na pembeni yake neno ambalo mkono wangu hautaliandika. Kisha nikaiona ile K. Nikapiga simu yako, haipatikani. Ulikuwa umeshapanda basi la Arusha.

Unajua ile rangi haitoki? Tulisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Tukapaka chokaa, kufika jioni wekundu ukachomoza tena, na neno likasomeka vilevile. Veronika akawa anabeba mahindi yake kichwani hadi mashine ya mbali ili asipite pale. Siku ya tatu akaja mwenyewe na kopo la rangi ya mafuta.

"Nipisheni," alisema. "Jina ni langu."

Alipaka mara tatu, hadi wekundu ukafunikwa. Sisi tuliosimama nyuma yake ndio tuliolia.

Kukataliwa kunauma, najua. Si ungekuja kwangu, ukakaa, ukatukana mpaka ukachoka? Mimi ningesikia peke yangu. Wewe ukachagua ukuta ambao kila mama anasimama mbele yake akisubiri unga wa watoto. Halafu ukakimbia! Mwanaume mzima.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Tumekubaliana kopo la rangi likae palepale mashineni, na andiko lolote la matusi lifutwe na atakayeliona kwanza. Aliyeliandika ataitwa aombe radhi mchana kweupe, mbele ya aliyemtukana. Ndipo mwenyekiti akauliza, "Kuna anayemfahamu aliyefanya hivi?"

Mama alinibana mkono chini ya kitenge, akaninong'oneza, "Ni kaka yako."

Nikasimama.

Tangu siku hiyo mama hanisemeshi. Ananiwekea chakula, anageuka. Sijui atakaa hivyo mpaka lini, na bado singekaa chini.

Ukisikia huko uliko kwamba jina lako limetajwa, usihangaike kuuliza ni nani. Ni mimi.

Mdogo wako, mtoto wa mama yako